Dola 310 za kutazama ndege: wikiendi yetu ya Mei kando ya Ziwa Erie

Nianze na hela, maana najua ndilo swali la kwanza. Mtu mzima dola 210, mtoto dola 100, safari tatu za kuongozwa: Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi na Jumapili asubuhi. Hoteli juu yako, chakula juu yako, darubini ukikodi kwao ni dola 15 kwa siku. Nilikwenda na binti yangu wa miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyeleta habari ya ndege nyumbani, tangu mwalimu wao wa sayansi alipowapa kazi ya kuhesabu ndege wanaotua uani.

Kampuni sitaitaja. Ni ndogo, ina waongozaji wachache, na mmoja wao nampenda sasa kama shangazi yangu, sitaki nimharibie riziki kwa makosa ya mwenzake. Ila ieleweke kwamba hawahusiani na lile tamasha kubwa la kutazama ndege, la siku kumi, ambalo kituo cha ndege cha Black Swamp Bird Observatory huliandaa huko huko mwezi wa Mei tangu 2010. Sisi tulichelewa kujiandikisha kwenye tamasha, tukaangukia kwa hawa.

Na mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Mie nimezaliwa Mombo, chini ya milima ya Usambara, na kwetu ndege ni adui. Mpunga ukishaanza kutia maziwa tulikuwa tunaamka gizani, tunapanda dunguni na debe, teo, na makopo matupu yaliyofungwa kwenye kamba ndefu, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Hiyo ndiyo kuamia, na kama hujawahi kuamia hujui maana ya kuchoka. Kwelea kwelea wakitokea ni kama moshi unaotembea. Wakizidi, serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu. Wazungu tuliwaona wakipita kwenda Lushoto wakiwa na darubini shingoni, tukadhani wanapima ardhi.

Nilipompigia mama kumwambia nimelipia kutazama ndege, alinyamaza kidogo.

"Wanaliwa?"

"Hawaliwi, mama."

"Basi ungekuja huku, mwanangu. Ungewatazama bure, na debe ningekupa."

Mahali penyewe panaitwa Magee Marsh, ukingo wa kusini wa Ziwa Erie, jimbo la Ohio, kati ya Toledo na Port Clinton. Ukifika mchana wa kawaida utashangaa watu wamefuata nini: kinamasi, matete, kijisitu chembamba kando ya ufuko, na kwa mbali mnara mnene wa kupozea maji wa kituo cha umeme wa nyuklia ukitoa mvuke. Sababu ya umati ni jiografia. Kila majira ya kuchipua, mamilioni ya ndege wadogo hutoka Amerika ya Kusini, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi kwenda kuzaa kwenye misitu ya kaskazini, wengi wao Kanada. Husafiri usiku. Alfajiri ikiwakuta hapa, mbele yao kuna maji, ziwa lenye urefu wa kilomita 388 na upana unaofika 92, na nyuma yao ni mashamba ya mahindi na soya yaliyolimwa hadi mwisho wa macho. Zamani eneo lote hili lilikuwa bwawa la msitu, Great Black Swamp, lakini walowezi wa karne ya 19 walilichimbia mitaro wakalikausha wakalima. Vichaka vilivyobaki ni hivi vichache vya ufukweni. Basi ndege wote wanashuka humo humo, wamechoka na wana njaa, wanakula wadudu siku moja au mbili huku wakisubiri upepo mzuri wa kuvukia.

Kwa lugha ya kwetu, Magee Marsh ni Mombo. Basi la Dar linasimama, abiria wanashuka wanakula chipsi na mishikaki, wanajinyoosha, halafu honi inapigwa wanaendelea Arusha. Wewe unayetaka kuwaona huna haja ya kwenda Dar wala Arusha. Kaa stendi.

Ijumaa tulitoka Columbus binti alipotoka shule, tukashika barabara ya 23 kwenda kaskazini. Ujumbe wa simu ulitaja lango fulani, tukafika, hapana mtu. Baadaye yakaja magari mengine matatu, nayo yamepotea kama sisi, tukawa msafara wa waliopotea. Dakika ishirini na tano baadaye tukampata mwongozaji upande wa pili kabisa wa eneo, kijana wa miaka thelathini hivi, kofia ya kaki, darubini ya bei ya gari langu. Akasema lango limebadilishwa tangu juzi. Pole hakusema.

Safari hii ilikuwa ya kumwona ndege mmoja tu, wenyeji wanamwita wudikoki. Ana rangi ya majani makavu, mviringo kama ngumi mbili, mdomo mrefu wa kuchokolea minyoo, na macho yamewekwa nyuma sana kichwani kiasi kwamba akiinama kula bado anamwona anayemnyemelea kisogoni. Mchana haonekani. Jioni, jua likishazama, dume hutoka kwenye uwazi wa nyasi akaanza kuchumbia.

Jua la Ohio mwezi wa Mei linazama saa mbili na nusu usiku na ushei, mambo ambayo mpaka leo sijayazoea. Nilitandika khanga pembeni ya gari nikasali Magharibi. Nikiwa kwenye tahiyatu ya mwisho nikasikia kitu nyasini: "Pint!" Kama mtu anayezuia kicheko kikamtokea puani. Kimya. "Pint!" Nilitoa salamu upesi kuliko adabu inavyotaka, Mungu anisamehe.

Halafu akaruka. Hupanda juu kwa kuzunguka, mizunguko inayozidi kuwa mipana, na mabawa yenyewe ndiyo yanayolia, kuna manyoya membamba nchani yanayopitisha upepo kama filimbi. Anafika juu sana, unampoteza kwenye mawingu mekundu, kisha anaanguka kama jani huku akilia kwa sauti nyingine ya mdomoni, anatua palepale alipoanzia. "Pint!" Tena kutoka mwanzo. Binti yangu alinishika mkono akaniminya bila kusema kitu, naye ana miaka kumi na miwili, umri ambao mama hashikwi mkono mbele ya watu.

Tatizo ni yule kijana. Aliongea. Ndege akilia anaongea, ndege akiruka anaongea, akatueleza safari zake za Ekuado tukiwa tumeinua vichwa kumtafuta dume aliyelipiwa. Kisha akatoa simu, akapiga sauti ya ndege iliyorekodiwa ili kumvuta. Akaja kweli. Alitua hatua kumi kutoka tulipo, akawa anazunguka akimtafuta mpinzani ambaye yumo ndani ya simu. Wengine walifurahi wakapiga picha. Mie niliona tumemfanyia utani mtu aliye kwenye posa. Baadaye nikajifunza kwamba watazamaji wengi hawapendi kabisa mchezo huo wakati wa kuzaliana, kwa kuwa unamchosha dume na kumtoa kwenye kazi yake. Kijana alijua. Alitaka tupate picha ili tumsifie.

Jumamosi ndiyo siku nitakayoisema mpaka nichoke.

Usiku ule upepo ulivuma kutoka kusini, na karibu na alfajiri ikanyesha mvua nyepesi. Mwenye hoteli alituambia, huku akitukorogea kahawa mbaya, kwamba tuna bahati: upepo wa kusini huwaleta kwa wingi, mvua huwashusha. Tulifika maegesho saa kumi na mbili kasoro robo na tayari magari yalikuwa yamejaa kama Idi. Kuingia ni bure, kuegesha ni bure. Hilo liandikeni. Ile njia ya mbao inayopita kijisituni haina malipo wala haina ngazi ya kumzuia mwenye kiti cha magurudumu, na niliwaona kadhaa wamepita mbele yangu wakiwa na darubini nzuri kuliko yangu.

Kuhusu darubini za kukodi: msikodi. Mimi nilipewa ambayo jicho la kushoto limeingia ukungu ndani ya kioo, hata ukifuta haufutiki, na binti akapewa ambayo kirungu cha kurekebishia kinazunguka bure. Dola 30 kwa siku moja, tulizirudisha mchana. Mzee mmoja mgeni kabisa, aliyekuwa na mkewe, alimwona binti anahangaika akatoa ya akiba kwenye mkoba wake akampa, akasema airudishe saa sita. Akatuonyesha na namba: imeandikwa 8x42, nane ni mara inavyokuza, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukiongeza mara za kukuza, mkono nao ukitetemeka unakuzwa. Jambo la maana zaidi kwa Magee, alisema, ni darubini inayoweza kuona kitu kilicho hatua mbili mbele yako. Nilidhani anatania.

Kundi letu lilikuwa watu kumi na wanane, wengi mno kwa njia nyembamba ile, waongozaji wawili: kijana wa jana na mama mmoja mstaafu. Ninayemwita shangazi ni huyu. Ameendesha basi la shule miaka ishirini na tisa. Alituambia kazi hiyo ndiyo iliyompa masikio, kwa sababu ukiwa umeshika usukani huwezi kugeuka, inabidi ujue kwa sauti tu nani kiti cha nyuma anafanya nini. Alitusimamisha mwanzo wa mbao akatuambia tufumbe macho dakika mbili.

Nilifumba. Mwanzo nilisikia kelele tu, kama sokoni. Kisha akaanza kutenganisha, kwa kunong'ona: ile kali nyembamba inayopanda mpaka inapotea masikioni, ile ya mbio kama cherehani, ile iliyo kama mtu anatikisa changarawe kwenye kikombe. Kufikia dakika ya pili soko lilikuwa limegeuka watu, kila mmoja na sauti yake. Halafu akasema jambo ambalo naona ndilo nililolipia: usitafute ndege, tafuta jani linalotikisika wakati upepo umetulia.

Wobla ni ndege wadogo, wengi wana gramu nane mpaka kumi na mbili, yaani vijiko viwili vitatu vya sukari. Kawaida wanakaa juu ya miti mirefu na unachoona ni tumbo. Pale miti ni mifupi, nao wana njaa, kwa hiyo wanashuka mpaka usawa wa kiuno. Yule mzee hakutania. Wobla wa Blackburn alitua kwenye tawi lililo karibu na bega la binti yangu, koo lake rangi ya kaa la moto unapolipuliza, na darubini haikuwa na kazi tena. Alimtazama kwa macho yake matupu. Ndege huyu msimu wa baridi hukaa milima ya Andes. Alikuwa anachomoa viwavi kwenye majani machanga mmoja baada ya mmoja, hana habari nasi, mfano wa abiria aliyeambiwa basi linaondoka baada ya dakika kumi.

Nilipoacha kuhesabu tulikuwa tumefika aina kumi na sita. Kulikuwa na mweusi-na-mweupe mwenye milia ya punda milia, anatambaa kwenye gogo kichwa chini. Redistati, mweusi mwenye mabaka ya machungwa, anafungua mkia kama upepeo wa bibi harusi. Wa Nashville, wa Tennessee, wa Cape May, wa Magnolia. Majina haya yalinichekesha shangazi aliponieleza. Wengi waliandikwa na Alexander Wilson, Mskoti aliyekuwa akitembea Marekani mwanzoni mwa karne ya 19 akiorodhesha ndege, naye alikuwa anawakuta wakiwa safarini. Yule wa Tennessee hazai Tennessee, anazaa Kanada. Wa Magnolia hukaa kwenye misonobari, ila Wilson alimkuta amepumzika kwenye mti wa magnolia. Ni sawa na kumwita mtu wa Arusha "Mombo" maisha yake yote kwa sababu siku ya kwanza ulimwona pale akila chipsi.

Kulikuwa na tundu kwenye shina lililooza karibu na maji, na wobla wawili wa aina iitwayo prothonotari, dume na jike, wanaingiza ukoka ndani. Hawa ni wenyeji, hawapiti, wanazaa hapo hapo. Rangi yake siwezi kuisema vizuri kuliko hivi: kata embe dodo lililoiva sawasawa, litazame kabla hujala. Binti alikaa chini kwenye mbao, akatoa daftari, akawa anaandika kila safari ya ukoka na dakika yake. Safari ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na moja.

Saa tatu na robo simu ya kijana ikalia. Wobla wa Kirtland ameonekana, umbali wa dakika chache kwa gari, haraka, haraka.

Niseme haki: ndege huyo si mchezo. Alitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Ohio, karibu na Cleveland, 1851. Anazaa karibu wote Michigan, kwenye misonobari michanga tu, msimu wa baridi anakaa Bahama, na walipohesabiwa 1987 walipatikana madume 167 wanaoimba, basi, dunia nzima. Watu wamefanya kazi kubwa kumrudisha, mpaka 2019 akatolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Ninaelewa kwa nini moyo wa mtu unaruka. Lakini kijana hakuuliza nani anataka kwenda. Alisema gari linaondoka, kundi zima, shangazi akajaribu kubaki na wachache, akakatazwa mbele yetu kwa sauti ambayo mtu mwenye mama hatumii.

Tukaenda. Tulikuta watu wengi mno, labda mia mbili, wamepanga mistari minne wakielekeza mabomba ya kamera kwenye kichaka kimoja. Tulisimama saa nzima. Niliona tawi. Niliona kisogo cha bwana mmoja mrefu, nakijua kisogo kile hata leo nikikutana nacho nitakisalimia. Kijana alimwona ndege, akaweka tiki kwenye orodha yake, akatoka kwenye umati akitabasamu. Kwenda na kurudi saa mbili zikaisha, na asubuhi ya ndege ikipita imepita. Kufikia saa tano jua limewaka, wengi wamenyamaza majanini wanalala. Kwenye tundu la prothonotari palikuwa kimya.

"Mama," binti akaniambia, "nilikuwa nimefika kumi na moja."

Hapo ndipo nilipowapunguzia nyota ya kwanza. Kulipia mwongozaji si kulipia macho, macho unayo. Unalipia masikio yake na subira yake, na siku ile mwenye masikio alikuwa chini ya mwenye simu.

Tuligawana chakula maegeshoni. Nilikuwa nimebeba chapati, kachori na thermosi ya chai ya tangawizi, na nawashauri mfanye hivyo, kwa sababu maduka yako mbali na upepo wa ziwa unapita mifupani hata kama simu inakwambia nyuzi 48 za Farenhaiti, ambazo ni kama tisa za Selisiasi. Shangazi alikula kachori tatu. Akamfundisha binti kutumia Merlin, ile programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Cornell inayosikiliza sauti na kukuandikia jina la ndege, na papo hapo akamwonya asiiamini kila inachosema: iliandika ndege wawili ambao yeye alikataa kata kata kwamba hawapo, na mmoja alikuwa ni mlango wa choo unaolia.

Katika umati wote ule wenye mtandio tulikuwa sisi wawili. Hakuna aliyetusumbua. Mama mmoja alituuliza kwa upole kama tumetoka mbali, nikamwambia Columbus, akasema ni mbali kweli.

Jumapili upepo uligeuka ukatoka kaskazini, baridi, mawingu. Ndege wapya hawakuja, wa jana wengi walikuwa bado wamejikunyata. Safari ya siku hiyo ilikuwa ya kuzunguka na gari kwenye hifadhi jirani ya Ottawa, na hapa sina mengi: saa nne ndani ya gari lenye vioo vilivyojaa mvuke, kijana akiwa usukani, shangazi hayupo siku hiyo. Tuliona yangeyange, batamaji weupe, korongo wawili wanatembea kama masheikh. Tai mwenye kichwa cheupe alikuwa kwenye kiota kikubwa kama kitanda, na habari yake ni nzuri kuliko safari: 1979 Ohio nzima ilikuwa na jozi nne tu zinazozaa, baada ya miaka mingi ya DDT, sumu ya wadudu, kufanya maganda ya mayai yao kuwa membamba yakavunjika. DDT ilipigwa marufuku Marekani 1972. Hesabu ya 2020 ilikuta viota 707. Mtu aliyekua akishangilia ndege ya sumu inapopita juu ya mpunga ana la kufikiri hapo, nami nilifikiri kidogo, kisha nikasinzia. Binti anasema nilikoroma.

Tuliposhuka tuliwaaga, tukarudi Magee peke yetu. Bure. Saa tatu na nusu za mchana mzuri kuliko zote za wikiendi, hakuna aliyetuharakisha. Tulifumba macho dakika mbili kama tulivyofundishwa. Prothonotari walikuwepo, binti akaanzia kumi na mbili.

Ufukweni kwenyewe, ng'ambo ya miti, kulikuwa na ndege watano wa miguu ya machungwa wanapindua vijiwe na takataka za mawimbi kwa midomo, wapindue, wale, wasogee. Nikasimama. Hao nawajua! Wanaitwa tanistoni, na aina hiyo hiyo hufika Tanga na Pangani miezi ya baridi ya kaskazini, wanapindua mwani ufukweni. Tulikuwa tunawaita vitwitwi, sisi kila kidogo cha pwani ni kitwitwi. Wa Tanga hutoka Siberia, hawa walikuwa wanakwenda Aktiki ya Kanada, kwa hiyo si hao hao, ni binamu zao. Nilipiga picha ya simu, mabaka matano kwenye mchanga, nikamtumia mama. Alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Hao wakija kwenye mpunga hawana shida. Hao waache."

Kwa hiyo, anayetaka kwenda: nenda wiki ya pili ya Mei, siku za kazi ukiweza. Tazama upepo usiku wa kuamkia, ukiwa wa kusini toka kitandani. Azima darubini. Lala Oregon, si lile jimbo, ni mji mdogo ulio kando ya Toledo, bei zake ziko chini kuliko Port Clinton. Vyoo vipo maegeshoni, karatasi beba mwenyewe. Visubi vya ziwani ni vingi ila haviumi, na kila kimoja ni chakula cha wobla, msivilaani. Safari ya Ijumaa ningeirudia na mwongozaji mwingine. Ya Jumamosi ningelipa dola 210 zote kwa shangazi peke yake, na watu wasizidi wanane. Ya Jumapili hata kwa bure sipandi.

Niliwaandikia kampuni barua pepe ya heshima, nikaeleza lango, simu ya kurekodi, darubini, na zile saa mbili. Walijibu baada ya siku tisa. Wamesikitika, wametupatia punguzo la asilimia kumi kwa safari ya Septemba, ndege wakirudi kusini. Shangazi alishanieleza kuhusu Septemba: wengi wanakuwa wamebadili manyoya, wamekuwa rangi ya kijani chakavu wote, hawaimbi, na hata mabingwa wanagombana nani ni nani. Nimewauliza kama atakuwepo yeye. Bado nasubiri jibu.